Heshima na Wajibu Kati Yetu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila Jumapili baada ya ibada ya pili sisi hubaki nyuma kanisani, upande huu wa Eastlands, Nairobi, tukinywa chai na kuulizana maswali. Ya maana zaidi huulizwa mlangoni, mtu akiwa na mkoba begani, na huanza hivi: "Kuna rafiki yangu mmoja..." Hapa nimeandika yale yanayorudi mara kwa mara. Mimi si mchungaji. Ni mwalimu wa darasa la ndoa na baba wa watoto watatu. Aya nilizotaja zimo katika Biblia yako. Fungua usome mwenyewe, usiniamini tu.

Kuheshimu, katika Biblia, ni kufanya nini hasa?

Kiswahili chetu kinatusaidia hapa, maana mtu wa maana tunamwita "mtu mzito". Neno la Kiebrania lililo katika amri ya Kutoka 20:12, "Waheshimu baba yako na mama yako," lina mzizi huo huo wa uzito: kumheshimu mzazi ni kumpa uzito wake. Ukisonga mbele hadi Kutoka 21:17, neno linalotafsiriwa kumlaani mzazi lina mzizi wa wepesi, yaani kumfanya mtu kuwa kitu cha kupeperushwa na upepo. Kwa hivyo mtu anaweza kusalimia kwa mikono miwili, ameinama vizuri, na bado awe amemdharau mzee wake, ikiwa neno la mzee huyo halina uzito wowote akishatoka mlangoni.

Agano Jipya liliandikwa kwa Kigiriki, na neno la heshima huko ndilo neno la bei. Vile vipande thelathini vya fedha alivyolipwa Yuda vinatajwa kwa neno hilo katika Mathayo 27:6. Ukitaka kujua kama unamheshimu mtu, angalia amekugharimu nini: muda, sikio, pesa, au hata kiti chako kwenye matatu.

Ni amri ya nne au ya tano?

Inategemea ulipobatizwa. Wakatoliki na Walutheri huihesabu ya nne. Waanglikana, Wapresbiteri, Wamethodisti na wengi wa Waprotestanti huihesabu ya tano. Maneno ni yale yale. Nimewahi kuona shemeji wawili wakibishana juu ya nambari hii kwenye meza ya harusi huku mama yao akitafuta wa kumsaidia kubeba sufuria.

Nikituma pesa nyumbani kila mwezi, si nimeshawaheshimu wazazi?

Umetimiza sehemu, na sehemu hiyo isidharauliwe. Paulo anasema watoto na wajukuu wajifunze kuwalipa wazazi wao (1 Timotheo 5:4), kisha katika aya ya nane anaongeza kwamba asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani. Hata Katiba ya Kenya, kifungu cha 57, inataja haki ya wazee kutunzwa na jamaa zao na serikali.

Lakini hebu msikilize mzee anapopiga simu tarehe 28. "Nilikuwa nasalimia tu." Anauliza habari za watoto, anauliza kama huko Nairobi kumenyesha, anataja kwamba ng'ombe yule mweupe amekataa kula, kisha ananyamaza. Wewe umebanwa dirishani ndani ya matatu kwenye Jogoo Road, na kimya kile unakijua, kwa hivyo unamkata: "Sawa baba, nitatuma jioni." Unatuma elfu mbili, ujumbe wa M-Pesa unaingia, umemaliza kazi. Pengine alitaka hizo elfu mbili. Pengine pia alitaka kukuambia habari ya yule ng'ombe.

Wengi wanaoniuliza swali hili, hata hivyo, hawana tatizo la ubahili. Wamelemewa. Mtu analipa kodi ya nyumba Kayole, karo ya mdogo wake, dawa za presha za mama, na sasa shangazi amesikia kwamba amepata kazi. Hapo nawakumbusha aya ambayo huwa haisomwi siku ya harambee: 2 Wakorintho 12:14, ambapo Paulo anasema haiwapasi watoto kuweka akiba kwa ajili ya wazazi, ila wazazi kwa ajili ya watoto. Mzazi aliyelea mtoto kama mtu aliyepanda miparachichi ya kuuza hana aya ya kumkinga. Kaeni ndugu wote, mkubaliane kila mmoja atatoa nini kulingana na mfuko wake, mama aambiwe kiasi na tarehe. Na usikope kwa simu ili uonekane mwana mwema. Riba ya mkopo ule watakuja kuilipa watoto wako.

Mhubiri alisema Mungu kwanza. Nitoe fungu la kumi au nimnunulie mama dawa?

Nunua dawa.

Yesu alilikuta jambo hili likiwa na jina kabisa. Mtu aliweza kutangaza mali yake kuwa Korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, na mzazi akija na shida anaambiwa: pole, kile ambacho kingekufaa kimeshatengwa. Soma Marko 7:9-13. Yesu hakuona utakatifu wowote pale. Aliwaambia wanalitangua neno la Mungu kwa mapokeo yao. Kinachonishangaza kila nikiisoma ni kwamba amri ya kuwaheshimu wazazi aliisoma kama amri inayogusa mfuko. Hakuuliza kama waliwasalimia vizuri.

Sisemi usitoe sadaka. Mimi hutoa. Ila bahasha ya ujenzi isiwe pango la kujifichia mama anapokosa vidonge, na mhubiri anayekuambia upande mbegu kwa karo ya mtoto, mwombe akusomee sura hiyo ya saba kwa sauti.

Baba alitutelekeza tukiwa wadogo. Sasa amerudi akiwa mgonjwa. Nimheshimu vipi?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini kuliko yote, na hadithi karibu ni moja. Aliondoka mtoto akiwa darasa la pili. Mama akafua nguo za watu Buruburu hadi watoto wakamaliza shule. Leo baba amepatikana kwenye chumba cha mabati, anakohoa, na ukoo mzima ambao haukuonekana miaka ishirini unapiga simu: "Lakini ni baba yako."

Amri haikusema waheshimu wazazi wema. Wala haikusema ujifanye hakuna kilichotokea. Kumheshimu mtu na kumwamini ni mambo mawili. Unaweza kumlipia kitanda cha hospitali bila kumpa ufunguo wa nyumba yako. Unaweza pia kuketi mbele yake ukamwambia kwa sauti ya kawaida: "Uliondoka nikiwa na miaka minane. Tulilala njaa." Watu hudhani hayo ni matusi. Mimi naona ndiyo kumpa uzito wake, kwa sababu unamchukulia kama mtu mzima anayeweza kujibu kwa alichofanya. Waefeso 6 inaanza na watoto, kisha aya ya nne inawageukia akina baba. Nao wana amri yao, baba yako aliivunja, na huna haja ya kumfunikia.

Mtazame Yosefu. Ndugu zake walipofika Misri aliwajazia magunia nafaka kabla hajawaambia yeye ni nani. Chakula kilitangulia, kujitambulisha na kulia mbele yao vilikuja baadaye, alipokuwa amewapima (Mwanzo 42 hadi 45). Nafikiri watu wengi wangepumua kama wangejua kwamba wanaruhusiwa kupeleka unga kwanza na kusubiri mengine. Na ikiwa alikudhuru mwilini, chakula kinaweza kupelekwa na mtu mwingine. Hulazimiki kuketi naye chumba kimoja.

Darasani kwetu kuna mwanamume aliyemtunza baba wa namna hiyo kwa miezi saba hadi alipofariki. Hakuwahi kumwita baba, alimwita "mzee" tu. Kila Jumamosi alichukua karai, akachanganya maji yawe vuguvugu, akaweka taulo kwenye mabega ya mzee, akamnyoa ndevu, akiivuta ngozi ya shingo kwa kidole gumba ili wembe usimkate. Walikuwa hawaongei. Aliniuliza kama hilo linahesabika, maana moyoni hakuhisi chochote. Nilimjibu kwamba kama hilo halihesabiki, basi mimi sijui amri ile inataka nini.

Wazazi wamemkataa mchumba wangu kwa sababu ya kabila. Nikioa nitakuwa nimewavunjia heshima?

Mtoto mdogo hutii. Mtu mzima huheshimu, na kuheshimu kunaweza kwenda pamoja na kukataa. Mwanzo 2:24 yenyewe inasema mwanamume atamwacha baba yake na mama yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 nayo inataka ndoa iwe ya hiari ya wawili waliotimiza miaka 18.

Kuhusu kabila, sina ushauri laini. Miriamu na Haruni walimsema Musa kwa sababu ya mke wake Mkushi, na Miriamu akapigwa ukoma (Hesabu 12). Ruthu alikuwa Mmoabi, na ndiye nyanya wa Yese, babake Daudi. Mzazi anayesoma Biblia hiyo na bado anasema "hao watu hapana" ana kazi ya kufanya na Mungu wake.

Hata hivyo, usioe kwa kujificha halafu ukatuma picha. Nenda nyumbani mwenyewe. Sikiliza hoja yao hadi mwisho, kwani mara nyingine nyuma ya kabila kuna hofu ya kweli: katika ghasia za baada ya uchaguzi, mwaka 2008, waliona nini, walimpoteza nani. Tuma wazee mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Nimeona mahari ikikataliwa mara mbili, kisha ikapokelewa na mzee yule yule, ambaye leo hawezi kulala bila kuongea na mjukuu wake kwa simu.

Mke atii mume. Hata anaponipiga?

Hapana. Ondoka mahali pa hatari kwanza, mengine baadaye. Petro anamwambia mume ampe mkewe heshima, la sivyo maombi yake yatazuiliwa (1 Petro 3:7); mume anayepiga anapiga magoti bure. Tuna sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watu dhidi ya dhuluma za nyumbani, na nambari ya msaada 1195 hupigwa bila malipo. Mzee wa kanisa akikuambia uvumilie na kuomba, tafuta mzee mwingine.

Mke wangu na mama yangu hawasikizani. Nimsikilize nani?

Mke ndiye wa nyumba yako. Mama ni wa kuheshimiwa ndani ya nyumba hiyo. Kosa la wanaume wengi ni kuwaacha wanawake wawili wakapigania jiko huku wao wakitazama mpira. Ongea na mama yako wewe mwenyewe, usimtume mkeo. Na Yesu, akiwa msalabani na maumivu yale, bado alimpangia mama yake mahali pa kuishi (Yohana 19:26-27), kwa hivyo shughuli za ofisi hazikupi kisingizio.

Dada wa kazi na mama fua wanaingia kwenye amri hii?

Wanaingia, na kwa maoni yangu hapa ndipo Wakristo wa Nairobi tunafeli mtihani. Heshima ya kwenda juu tunaijua: askofu, mbunge, baba mkwe. Ya kwenda chini hatuifanyii mazoezi.

Chukua mama fua. Amesubiri kando ya barabara tangu saa kumi na mbili unusu pamoja na wenzake, wameketi ukutani, kila gari likipunguza mwendo wanainuka. Umemchukua. Amefua hadi saa nane, blanketi mbili zikiwemo, vidole vimekunjamana na kuwa vyeupe kwa sabuni. Anajifuta kwenye leso, anasimama mlangoni. Wewe unamwambia, "Sina pesa taslimu, nitakutumia jioni." Jioni ile ni unga wake. Torati haikuacha jambo hili kwa huruma ya mtu. Mambo ya Walawi 19:13 na Kumbukumbu la Torati 24:15 zinasema ujira wa kibarua usilale kwako, jua lisichwe hajalipwa. Yakobo anasema ujira uliozuiliwa wenyewe unapiga kelele, na Mungu anazisikia (Yakobo 5:4). Watu wanaoamka alfajiri kuombea milango ifunguke, na wana deni la mama fua la wiki iliyopita, wangeanza na hilo.

Dada wa kazi naye apumzike. Amri ya Sabato inamtaja mtumishi kwa jina la kazi yake, na Kumbukumbu 5:14 inataja sababu: apate kupumzika kama wewe. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa angalau siku moja katika kila siku saba. Alipwe mshahara halali, ale chakula mnachokula, na awe na jina. Mwanamke wa miaka arobaini haitwi "yule msichana". Na mtoto wako wa miaka sita akimwagiza maji kwa kupiga kelele kutoka sebuleni, mtoto huyo amejifunza kwa mtu fulani.

Bosi wangu ni mkali na si mwaminifu. Bado nimfanyie kazi kwa moyo?

Fanya kazi yako vizuri, hata kamera ikiwa imeharibika. Wakolosai 3:22-23 inakataza kazi ya kuonekana na macho tu. Lakini kazi yako haijumuishi kumwandikia risiti za uongo. Hapo sema hapana kwa adabu, na uanze kutafuta kazi nyingine mapema.

Naweza kumuuliza mchungaji pesa za ujenzi zilienda wapi?

Unaweza. Aya inayopendwa sana ni 1 Timotheo 5:17, wazee wanaotawala vema wapewe heshima maradufu. Endelea kusoma aya mbili mbele. Shtaka juu ya mzee lisipokelewe bila mashahidi wawili au watatu, lakini wakionekana wametenda dhambi waonywe mbele ya wote. Kwa hivyo usianzie uvumi kwenye kundi la WhatsApp. Nenda na hesabu mkononi, wawili au watatu, muulize uso kwa uso. Mchungaji mwema atafurahi, maana umemwondolea mzigo wa kushukiwa. Anayejibu "usimguse mpakwa mafuta" hajajibu swali. Daudi alipokataa kumgusa Sauli alikuwa anakataa kumwua, na baadaye alitoka pangoni, akamwita Sauli, akamwambia makosa yake kwa sauti kubwa (1 Samweli 24).

Na serikali? Polisi anayeomba kitu kidogo?

Warumi 13:7 imeorodhesha: kodi kwa wa kodi, ushuru kwa wa ushuru, hofu kwa anayestahili hofu, heshima kwa anayestahili heshima. Kitu kidogo hakimo. Paulo aliandika hayo Nero akiwa Kaisari, kwa hivyo hatuwezi kusema hakujua watawala wabaya. Na ni Paulo huyo huyo aliyekataa kutoka gerezani Filipi kimyakimya baada ya kupigwa bila hukumu. Alitaka wakubwa waje wenyewe kumtoa (Matendo 16:37).

Kanisa la hapa linaijua njia hiyo. Maaskofu wa Kianglikana kama Henry Okullu, David Gitari na Alexander Muge walisema waziwazi enzi za chama kimoja. Julai 1997 polisi waliingia ndani ya All Saints Cathedral, kanisa kuu la Kianglikana jijini Nairobi, wakawapiga waliokuwa wakidai mageuzi, Mchungaji Timothy Njoya akiwa miongoni mwao. Hakuna aliyewaambia viongozi hao kwamba wamekosa adabu kwa baba wa taifa, au tuseme wengi waliwaambia, na walikosea.

Majirani wa ploti?

Chota maji zamu yako ikifika, usimwage ya sabuni kwenye ngazi, salimia. Na tafadhali, ndugu zangu wa kesha: spika ikielekezwa dirishani kwa mtu anayeamka saa kumi usiku kwenda soko la Marikiti, hiyo si injili.

Tulimzika mama kwa heshima kubwa. Kwa nini bado nina uzito moyoni?

Aliyeniuliza hili alikuwa amechangisha vizuri. Kamati ya mazishi ilikutana hoteli moja mjini kwa siku nane mfululizo. Kulikuwa na mabasi mawili, tenti, spika, jeneza la vioo, na kijitabu cha rangi chenye picha thelathini na mbili. Nilikipitia chote. Picha za mama akiwa kijana zilikuwa nyingi, za harusi ya kifungua mimba, za ubatizo. Katika miaka sita ya mwisho kulikuwa na picha moja tu, na ilipigwa na muuguzi.

Sikumhubiria. Mwenyewe alikuwa ameshaiona. Nilimuuliza kama kuna mtu wa rika la mama aliyebaki kijijini, akasema yupo jirani, mama mkongwe aliyekuwa akimletea mama yake maziwa. Nikamuuliza kama ana namba yake. Hakuwa nayo. Alitoa simu pale pale, tukiwa tumesimama kando ya meza ya chai, akampigia binamu yake kuiomba.